Kaisari wa Roma, herufi za Kigiriki na mamba: je, sarafu hii ni ya bandia?

Msomaji wetu wa Tanga ameandika hivi: "Marehemu babu yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Kwenye sanduku lake tumekuta sarafu nene ya shaba, pana kuliko sarafu yoyote tunayotumia leo, imeshika ukijani. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamume mwenye ndevu. Upande wa pili kuna mzee amejilaza, chini yake mamba, na herufi chache. Sonara alinipimia: gramu 23 na kidogo, upana milimita 34. Rafiki yangu anayekusanya sarafu anasema ni ya bandia, kwa sababu Warumi waliandika Kilatini na hii si Kilatini. Nimeambatanisha picha. Je, ni kweli? Na niisafishe kwa nini ili herufi zisomeke?"

Nianze na swali la mwisho maana ndilo lenye haraka. Usiisafishe kwa kitu chochote: si ndimu, si ukwaju, si siki, si majivu, wala dawa ya kung'arishia masinia. Kwa sasa ipanguse vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, uitie kwenye bahasha ya karatasi na kuiweka mahali pakavu. Sababu nitazieleza mbele.

Sasa hoja ya rafiki yako. Ni kweli kwamba sarafu za shaba zilizogongwa Roma kwenyewe ziliandikwa Kilatini, na nyingi zilikuwa na herufi S C, kuonyesha kibali cha seneti. Hizo ndizo wakusanyaji wengi wanaanza nazo, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba ndizo zote. Lakini dola ile ilienea kutoka Uingereza hadi Syria, na Roma haikujisumbua kupeleka chenji kwenye kila soko. Dhahabu na fedha iliyakamata yenyewe kwa sehemu kubwa. Sarafu ndogo za shaba, za kununulia mkate na kulipia hamamu, iliiachia miji ya mikoani. Katika karne tatu za kwanza baada ya Kristo, miji zaidi ya 500 ilipata kugonga sarafu zake kwa wakati mmoja au mwingine. Mingi ilikuwa upande wa mashariki, na huko lugha ya soko na ya ofisi ilikuwa Kigiriki tangu enzi za warithi wa Alexander Mkuu.

Chukua Efeso, iliyo katika Uturuki ya leo. Sarafu zake zina jina la Waefeso, mara nyingi pamoja na sanamu ya Artemi ndani ya hekalu lake, na baadhi zina jina la karani wa mji. Anayesoma Matendo ya Mitume, sura ya 19, ameshakutana na ofisa wa cheo hichohicho akituliza ghasia kwenye ukumbi wa michezo. Pale anapoutaja mji kuwa mtunzaji wa hekalu, anataja sifa ambayo Waefeso wenyewe waliigonga kwenye shaba yao. Korintho nayo ilikuwa koloni la Waroma, kwa hiyo iliandika Kilatini ingawa iko Ugiriki. Antiokia ya Syria iliweka S C kubwa ndani ya shada la majani, mbali kabisa na seneti. Basi lugha peke yake haiamui kama sarafu ni halisi. Inakusaidia tu kujua imetoka wapi.

Yako imetoka Alexandria, Misri. Utaniuliza nimejuaje, ilhali jina la mji halipo. Ni swali zuri, kwa sababu Alexandria haikuwa na desturi ya kuandika jina lake kwenye sarafu, na hapo ndipo inapotofautiana na Efeso na wenzake. Miji mingine ilikuwa na mabaraza, na baraza lilijivunia sarafu yake. Alexandria, kwa ukubwa wake wote, ilikaa chini ya Roma bila baraza la mji mpaka kaisari Septimius Severus alipoiruhusu kuwa nalo, karibu na mwaka 200. Karakana yake ya sarafu ilikuwa ya serikali ya mkoa mzima, chini ya liwali aliyeteuliwa na kaisari. Sarafu iliyotoka hapo ilikuwa ya Misri yote, kuanzia pwani hadi Aswan.

Kinachoitambulisha ni ile alama inayofanana na L, iliyo karibu na goti la mzee. Hiyo si herufi ya Kilatini wala ya Kigiriki. Ni alama ambayo makarani wa Misri walikuwa wakiiandika kwenye mafunjo kumaanisha "mwaka". Inafuatwa na tarakimu za Kigiriki, yaani herufi zinazosimama badala ya namba: A ni 1, B ni 2, na kuendelea hadi I ambayo ni 10. Kwa hiyo karibu kila sarafu ya Alexandria inakwambia ilitengenezwa mwaka gani wa utawala wa kaisari aliye upande wa pili. Sarafu za Roma yenyewe hazina raha hiyo. Mara nyingi unalazimika kuzikisia mwaka kwa kuhesabu vyeo vya kaisari.

Misri ilikuwa na jambo jingine la peke yake: fedha zake zilifungiwa ndani. Utaratibu huo uliwekwa na wafalme wa nasaba ya Ptolemy, na Warumi walipoitwaa nchi mwaka 30 KK, baada ya Cleopatra kushindwa, waliukuta wakauacha. Aliyeshuka bandarini na dinari za Roma alizibadilisha, na aliyeondoka alibadilisha tena. Sarafu kubwa ya humo ilikuwa tetradrakma, yenye fedha kidogo na shaba nyingi, nayo ilihesabiwa sawa na dinari 1. Yako, kwa uzito na upana ulionitumia, ni drakma, robo ya tetradrakma. Utaratibu huu ulidumu mpaka mageuzi ya kaisari Diocletian katika miaka ya 290.

Kwa sababu hiyohiyo, ukisikia kwamba sarafu kama hii ilikuwa fedha ya biashara kwenye pwani yetu zamani zile, sikiliza kwa tahadhari. Ni kweli wafanyabiashara wa Misri waliijua pwani hii. Mwongozo wa safari za baharini ulioandikwa na mmoja wao katika karne ya 1 unautaja mji wa Rhapta, na unasema watu wa pwani waliletewa mikuki iliyotengenezwa Muza huko Arabuni, mashoka madogo, visu na vitu vya kioo. Shaba ya Alexandria haikuwa na thamani nje ya Misri, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuipakia melini. Yako ina kila dalili ya kufika Tanga katika karne iliyopita, ndani ya sanduku la babu yako.

Na hiyo drakma ilinunua nini? Tuna bahati, maana mchanga mkavu wa Misri umehifadhi hesabu za kawaida za watu wa kawaida. Kuna gombo la matumizi ya shamba moja la karibu na Hermopolis, la miaka ya 10 na 11 ya kaisari Vespasian, yaani 78 na 79. Vibarua humo wanalipwa oboli 3 hivi hadi 6 kwa siku, na wavulana chini ya hapo. Oboli 6 zilifanya drakma 1. Kwa hiyo sarafu uliyoishika ilikuwa kama ujira wa siku moja nzuri, au siku mbili za kawaida, za mtu mwenye jembe. (Gombo lenyewe lilikuja kujulikana duniani kwa jambo jingine: mtu fulani baadaye aligeuza upande wa nyuma akanakili humo kitabu cha Aristotle juu ya katiba ya Athens, kilichokuwa kimepotea. Sasa liko London. Mimi hesabu za vibarua zinanigusa zaidi.)

Tuingie kwenye picha zako. Upande wa kichwa, herufi zilizosalia mbele ya uso zinasomeka TPAI AΔPIA, yaani Traianus Hadrianus. Huyo ni Hadrian, aliyetawala kuanzia 117 hadi 138. Ndevu zinakubaliana, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanzisha mtindo wa makaisari wenye ndevu kamili, na waliomfuata wakamuiga. Shada la majani kichwani limechakaa kwa juu, mahali ambapo vidole vinapita zaidi.

Upande wa pili ndio ulionifanya niandike jibu refu. Mzee aliyejilaza ni Nile. Wagiriki wa Alexandria waliuchora mto kama mwanamume mwenye ndevu nyingi, ameegemea kiwiko, mkono mmoja ameshika tete na mwingine pembe kubwa iliyojaa matunda. Chini yake huwekwa mamba au kiboko ili mtazamaji asidhani ni mto mwingine. Juu ya tete lake, kwenye picha yako ya tatu, kuna herufi mbili ndogo ambazo hukuzitaja: I, na baada yake kialama kinachofanana na S. Pamoja ni 16. Watu wengi wakiziona huandika "mwaka wa 16" na kupotea kabisa, kwa sababu mwaka huandikwa baada ya L, na hizi hazina L. Hizi ni dhiraa 16.

Mafuriko ya Nile yalipimwa kila mwaka kwenye vipimo vya mawe vilivyojengwa ukingoni, na kodi na njaa ya nchi nzima vilitegemea kipimo hicho. Pliny, mwandishi Mrumi wa karne ya 1, anapanga ngazi hivi: maji yakipanda dhiraa 12, nchi inaona njaa, 13, bado ina njaa, 14 huleta furaha, 15 huleta utulivu, 16 huleta neema tele. Mchongaji wa muhuri wa sarafu yako aliweka herufi mbili tu, na kila mkulima aliyeipokea alijua zinasema nini. Ni dua, au ni shukrani, na imegongwa kwenye fedha aliyolipwa kibarua aliyekuwa akisafisha mifereji ya maji hayohayo.

Maji hayo ya mafuriko yalishuka hasa kutoka milima ya Ethiopia baada ya mvua za huko za katikati ya mwaka. Maji yanayotoka Ziwa Viktoria ndiyo yanayoushikilia mto usikauke miezi mingine. Alexandria ya Hadrian ilikuwa imeshaanza kuulizia chanzo chake. Claudius Ptolemaeus, mtaalamu wa nyota na jiografia, aliishi mjini humo wakati sarafu kama yako zikipita mikononi. Aliandika juu ya maziwa yanayoulisha mto na milima aliyoiita ya Mwezi, na Rhapta aliiita mji mkuu wa eneo lake. Vipimo vyake vya sayari, vya kuanzia 127 hadi 141, amevipa tarehe kwa miaka ya Hadrian na ya Antoninus, kaisari aliyemfuata, kama sarafu yako ilivyofanya.

Hapo tunafika kwenye mwaka wenyewe. Katika picha yako baada ya L naona I, kisha doa la kutu lililomeza herufi ya pili. Tunajua basi kwamba ni mwaka wa kumi na kitu. Kuubadilisha kuwa wa kalenda yetu kuna mtego mmoja. Mwaka wa Misri ulianza tarehe 29 Agosti, au 30 baada ya mwaka mrefu. Hadrian alishika madaraka tarehe 11 Agosti 117. Makarani hawakumngojea atimize miezi 12. Mwaka wake wa 1 ulikwisha tarehe 28 Agosti, siku 18 tu, na kesho yake wakaandika mwaka wa 2. Kwa hiyo kwa Hadrian unachukua namba iliyo kwenye sarafu, unajumlisha 115, na unapata mwaka wa kuanzia. Namba 11 inakupa 126/127. Namba 19 inakupa 134/135. Yako imo humo katikati. (Wakristo wa Kikopti wa Misri na Waethiopia bado wanaanza mwaka siku hiyohiyo, ila kwa kalenda yetu sasa inaangukia tarehe 11 Septemba, au 12.)

Herufi iliyopotea ina uzito wake. Hadrian mwenyewe alifika Misri mwaka 130, na mwezi Oktoba kijana wake kipenzi, Antinous, alikufa maji katika Nile. Huo ulikuwa mwaka wa 15, yaani L na IE. Karakana ya Alexandria ilitoa sarafu zinazoonyesha mji ukimpokea kaisari, na miaka michache baadaye ikatoa nyingine zenye sura ya Antinous. Naelewa kwa nini unataka kuijua herufi hiyo. Ila namba nyingine zote kutoka 11 hadi 19 zina haki sawa mpaka tupate ushahidi.

Na ushahidi unaweza kupatikana bila kuikwangua. Mihuri ya kugongea sarafu ilichongwa kwa mkono, mmoja mmoja, na kila muhuri ulitoa sarafu nyingi kabla ya kupasuka. Hakuna mihuri miwili iliyofanana sawasawa. Nenda kwenye orodha ya Roman Provincial Coinage, ambayo Chuo Kikuu cha Oxford kimeiweka mtandaoni bure, ufungue juzuu la tatu, lenye Hadrian, kisha utafute Alexandria na Nilus, yaani Nile. Usiangalie kwanza herufi. Angalia ncha ya mkia wa mamba imegusa mstari wa vitone vya ukingoni au imeishia kabla. Angalia L iko usawa wa goti au chini yake, na tete linapita kati ya vidole gani. Ukikuta sarafu ambayo vyote hivyo viko palepale, hiyo na yako zimetoka kwenye muhuri mmoja, na herufi inayosomeka kwenye ile ndiyo iliyofutika kwenye yako. Ni kazi ya jioni kadhaa, na inafanyika kwa simu.

Kuhusu uhalisi: sarafu halisi iligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, ya bandia mara nyingi humiminwa kwenye kalibu. Iliyomiminwa huonyesha vijitundu vya mapovu usoni, na herufi zenye kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika. Lakini tahadhari na jambo moja linalowapoteza hata wazoefu: vipande vitupu vya Alexandria vyenyewe vilimiminwa kwanza, vikiwa vimeungana kama mnyororo, ndipo vikakatwa na kugongwa. Kwa hiyo ukiona ukingo ulioinama upande mmoja, au kisiki kidogo cha shaba ubavuni, usiitupe. Kwenye drakma ya Alexandria hiyo ni dalili njema. Kibaya ni mstari wa maungio unaozunguka ukingo mzima katikati yake.

Chunguza pia kama kuna mtu aliyeichonga upya. Sarafu nyingi zilizochakaa zimewahi kuchongwa nywele na ndevu mpya ili ziuzike. Ndevu za Nile zikiwa kali kama jana ilhali pua ya Hadrian imekwisha, hapo pana mkono wa mtu. Kwenye picha zako pande zote mbili zimechakaa kwa kiasi kimoja, na kutu imeingia ndani ya mikunjo ya nguo bila kuruka. Kwa picha pekee siwezi kuiapia, ila naiona kuwa halisi.

Sasa sababu ya kukukataza ndimu. Sarafu hii ni bronzi: shaba, bati, na risasi ya kutosha. Ikikaa ardhini karne nyingi, uso wake wa juu hugeuka kuwa kutu ngumu, na mara nyingi herufi hubaki ndani ya tabaka hilo la kutu, huku metali iliyo chini yake ikiwa tupu. Asidi inayeyusha tabaka. Utapata kipande chekundu kinachong'aa, na Hadrian hatakuwepo. Kijani kigumu kinachometa kidogo hakina madhara, kiache. Cha kuogopwa ni unga wa kijani kibichi, laini, unaotoka ukigusa kwa kijiti cha meno. Huo ni ugonjwa wa bronzi, unaosababishwa na chumvi za kloridi zilizomo ndani zikipata unyevu, na hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha na chumvi juu yake. Nimeona kadoa kamoja ka namna hiyo karibu na mkia wa mamba. Iweke sarafu kwenye chombo kinachofunga kabisa, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe vikilowa. Unga ukizidi, matibabu yapo, ila ni ya mhifadhi wa makumbusho mwenye kemikali na vifaa vyake.

Jambo la sheria pia lisisahaulike. Kabla ya 1983 Misri ilikuwa na wauzaji wa mambo ya kale wenye leseni, na mabaharia wengi walinunua kwao. Sheria namba 117 ya mwaka huo iliikomesha biashara hiyo. Pekua sanduku la babu vizuri: kitabu chake cha ubaharia, risiti, barua, hata bahasha iliyofungia sarafu. Karatasi yenye tarehe ya kabla ya hapo ni ushahidi wa namna ilivyotoka Misri, na bila ushahidi wa aina hiyo makumbusho au mnunuzi makini atasita kuipokea. Usiitenganishe sarafu na karatasi hizo hata kama utaamua kubaki nayo.

Nitumie picha nyingine mbili. Moja iwe ya ubavu wa sarafu, ukiizungusha polepole mbele ya kamera. Nyingine iwe ya lile doa baada ya L: zima taa ya juu, lete tochi ya simu nyingine kutoka pembeni kabisa, karibu usawa wa meza, upige picha mara nne huku ukihamisha tochi kila upande. Mwanga wa ubavuni huibua mwinuko mdogo ambao mwanga wa juu unauficha. Tukiona hata mguu mmoja wa herufi, tutajua kama ni wima kama wa Γ au wenye mkunjo kama wa E, kwa sababu Alexandria ya wakati huo iliichonga E yake kwa mviringo.